Vikopo vya Kina Mama wa Kwaya

Jumatatu, 10 Machi

Tramu imechelewa tena. Nimefika maabara nimelowa. Nikapima, nikagandisha, nikapima tena. Ndiyo maisha yangu: kinyesi cha watu. Mama bado anatangaza kanisani kwamba mimi ni daktari wa tumbo.

Tunalinganisha bakteria wa tumboni, wa wanawake waliozaliwa Kivu na wa mabinti zao waliozaliwa hapa Brussels. Tunataka kujua nini kinapotea mtu akihama. Kina mama wote ni wa kwaya ya Mama. Yeye ndiye aliyewashawishi.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu yametoka. Mabaya. Mabinti wako sawa. Kina mama, bakteria karibu hakuna. Hakuna mtu mzima mwenye afya mwenye tumbo la namna hiyo.

Profesa Lieve, msimamizi wangu, alizungumza nami kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Anaamini niliacha sampuli ziyeyuke njiani. Sikuziacha! Nilizipakata kwenye tramu kutoka Schaerbeek kama mtoto mchanga. Anataka mpya kabla Aprili haijaisha. Zikiharibika tena, kina mama wanaondolewa kwenye utafiti, na tasnifu yangu inakufa nao.

Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nimepeleka vikopo vipya vya choo saluni kwa Maman Faida, kiongozi wa kwaya, Galerie d'Ixelles. Akavitazama, akanitazama.

"Mutoto ya Béatrice, ile ya kwanza umeifanya nini? Umeikula?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Nikacheka pia. Sikutaka kucheka.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui nicheke au nivunje sahani.

Kesho ni siku ya kukusanya. Jioni hii nimeingia bafuni, nikakuta ile pampu ya mpira ya Mama inaning'inia, inachuruzika. Jikoni sufuria ya maji ya tangawizi, bado vuguvugu. Nikamuuliza anaumwa nini. Haumwi.

"Watu ya université ndio wataiangalia, donc niwapatie uchafu? Hapana, mutoto yangu. Ile mara ya kwanza pia, kila muntu alijipiga lavement, tumbo ikakuwa safi. Alors tukawapatia ile ya muzuri."

Wote. Kwaya nzima imejipiga maji ya tangawizi kwa nyuma, ikaosha tumbo na bakteria wake wote, kwa heshima ya chuo kikuu.

Kwenye dodoso tuliuliza kama wametumia dawa yoyote. Wakajibu hapana, na hawakudanganya. Kwao ile si dawa, ni kuoga. Nami nimekua nikipigwa hiyo hiyo pampu, nimelazwa magotini pa Mama, nikipiga kelele. Haikunijia hata mara moja kuuliza.

Jumapili, 23 Machi

Nimewaambia kina mama wamwage vyote. Wasiguse pampu kwa mwezi mzima, kisha waniletee choo cha kawaida kabla Aprili haijaisha. Maman Faida hakucheka safari hii.

"Mbele ya Wazungu? Jamais."

Kujiosha kwa ajili yangu wako tayari. Kuniletea uchafu hawataki.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemweleza Profesa. Akauliza kama watu hawa wanaaminika kweli. Nikamjibu kwamba hakuna mtu mwingine katika utafiti wake aliyejiandaa kwa tangawizi. Nimekwenda kukaa uwanja wa Flagey, nikanunua chipsi, sikuzila.

Jumamosi, 26 Aprili

Hakuna aliyenipigia. Jumanne Profesa anafunga orodha. Nimegombana na Mama. Nimemwambia usafi wake utanifukuzisha shule. Maneno mabaya. Aliosha vyombo vilivyokuwa visafi, akaenda kulala.

Jumapili, 27 Aprili

Mama hasemi nami. Baada ya ibada amebaki na kwaya, mlango umefungwa. Nimesubiri nje kwenye baridi kama mdaiwa. Alipotoka alikuwa amelia. Akanipita, akatangulia kituo cha tramu.

Jumatatu, 28 Aprili

Alfajiri simu ya Maman Faida. Nipite, nisipande, nisubiri chini. Alishuka na kitenge kichwani, akanipa mfuko huku uso ameuelekeza ukutani. Nikaenda kwa anayefuata. Na anayefuata. Hakuna hata mmoja aliyenitazama. Hakuna aliyekosa.

Mwisho nimepita nyumbani kuchukua cha Mama. Kikopo kilikuwa mezani, ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine, kimeviringishwa kwa taulo lake la wageni. Yeye yuko chumbani, mlango amerudishia.

"Unisamehe, mutoto yangu," akasema kutoka ndani. "Ni vile iko."

Nimeketi kwenye tramu, sanduku la barafu magotini. Tangu nizaliwe, Mama hajawahi kunipa kitu bila kukiosha kwanza.