Nani Ataliongoza Juya

Caracas, 12 Februari 1984

Mpenzi Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta uvimbe wa mguu umepungua na Shangazi Ismay ameacha kukununia. Mimi ni mzima wa afya. Kihispania kinaniingia vizuri. Mwalimu anasema naongea kama mtu anayegombana, nami nimemjibu kwamba kwetu Castara ndivyo tunavyoongea hata tukisifiana.

Shangazi ameniandikia kuwa Lennox wa Scarborough anataka kulinunua juya letu, wavu wetu wa kukokota. Baba, mguu ulipoharibika ulisema huwezi tena kupanda mwamba kuangalia samaki. Nikakwambia nipe mimi. Ukacheka mbele za watu, nami nikaondoka nimekasirika, nikaja huku kusoma. Sasa naomba tena kwa maandishi, usipate nafasi ya kunikatiza. Masomo yanaisha Pasaka. Nikirudi nitafundisha Kihispania shuleni, na asubuhi nitaliongoza juya. Naliweza, na wewe unajua naliweza. Usimpe Lennox.

Mwanao,
Verlyn

Castara, 23 Februari 1984

Mwanangu Verlyn,

Marahaba. Barua imefika, na kucheka nimecheka. Sisi huku hatujambo. Mguu uko vilevile. Shangazi yako alikuwa ameacha kuninunia, sasa ameanza tena kwa jambo jingine.

Sikia, mwanangu. Kuvuta kamba, wanawake wamevuta tangu enzi za babu yako. Kugawa samaki, hakuna anayekushinda pwani hii. Lakini nahodha ni yule anayesimama juu, akapaza sauti mara moja, na wanaume wazima wakatii papo hapo. Kolekole hawasubiri mjadala. Orville wetu wa kwenye kamba hamsikilizi hata mkewe, atakusikiliza wewe? Wakisitasita kidogo tu wakutazame, samaki wamepita chini ya chubwi zinazozamisha juya na kazi imekwisha.

Lennox anakuja mwanzoni mwa Aprili kuchukua jibu. Wewe soma. Na ule, maana Shangazi anasema kwenye ile picha uliyotuma umekonda.

Baba yako,
Eustace

Caracas, 12 Machi 1984

Mpenzi Baba,

Shikamoo. Mguu je? Mimi sijambo, ila viganja vimechubuka na shavu la kushoto bado linauma. Tulia, nitakueleza.

Mwalimu alitupeleka pwani mwisho wa juma, kijiji kinaitwa Caleta Honda, tukazoee kusikia watu wakiongea. Jumamosi asubuhi wenzangu walikuwa bado wanakunywa kahawa, mimi nikaona wanaume wanalimwaga juya ghubani. Kolekole, Baba. Maji yalikuwa yamekuwa meusi. Sikuomba ruhusa, nilikwenda nikashika kamba. Nahodha wao, Mzee Crisanto, akanitazama tu akaendelea kuvuta.

Samaki walikuwa wengi na mikono michache. Kijiji kizima kilikuwa kimepanda mlimani kuvuna kakao. Kamba ikaanza kuturudisha majini. Kwetu hapo mtu hufanya nini? Pale kibandani lilikuwepo gamba kubwa la kome la kupuliza. Nikakimbia, nikalipuliza kama ulivyonifundisha, kutoka tumboni.

Mzee Crisanto akaiachia kamba. "Binti, umefanya nini wewe?" Uso wake ulikuwa umepauka. Baba, kule kome halilii kwa ajili ya samaki. Hulia bahari ikimchukua mtu.

Wakaja mbio kutoka mlimani, wanawake wanalia, mapanga ya kakao bado mikononi. Mbele yao mama mmoja, Bi Ninfa, anamwita mwanawe. "Rufino! Rufino!" Rufino alikuwa mashuani. Yule mama akaingia majini na gauni lake mpaka akamshika shati, akampapasa kichwa, mikono, kila mahali. Kisha akageuka. "Nani amepuliza?"

Hollis, mwanafunzi mwenzangu wa Barbados, alikuwa amejificha nyuma ya mnazi. Nikasema, "Ni mimi, mama." Akanizaba kofi ambalo nadhani mlilisikia huko Castara. Sikulia. Nikamwambia kwa Kihispania, wote wakisikia, "Nisamehe. Kwetu likilia, maana yake njooni, samaki ni wengi, mikono haitoshi. Sikujua."

Wakaanza kunisema wote kwa pamoja, na Mzee Crisanto ndiye aliyezidi. Hakuna aliyekuwa anaangalia maji. Mimi nikatazama, nikaona maboya ya upande wa mashariki yanazama. Samaki walikuwa wameelemea huko, juya linakaribia kupasuka. Nikapanda juu ya mashua iliyopinduliwa, nikapaza sauti yako, Baba, ile ya kumtukana Orville. "Mashariki legezeni! Magharibi vuteni, vuteni! Nyie wenye mapanga, yatupeni, shikeni kamba!"

Wakashika. Bi Ninfa wa kwanza, gauni linachuruzika maji. Sikumwona hata mmoja aliyesitasita. Nikasema vuta, wakavuta. Nikasema subiri, wakasubiri, Mzee Crisanto pia. Juya likafika mchangani zima, na samaki wakawa wengi hata mbwa wakashiba.

Jioni Bi Ninfa alinichukua kwake, akanikaangia samaki na arepa, mikate yao ya mahindi, akanipaka mafuta shavuni huku akininung'unikia. Akasema tangu mumewe apotee baharini hakuwahi kulisikia lile kome. Hapo ndipo nilipolia.

Uliuliza nani atanisikiliza. Walinisikiliza watu wasionijua, wenye hasira na mimi, tena kwa lugha niliyoianza mwaka jana. Nijibu kabla Lennox hajafika.

Mwanao,
Verlyn

Caracas, 2 Aprili 1984

Baba,

Shikamoo. Kila siku naulizia posta mpaka karani ananikimbia. Kama umeuza, niambie tu kwamba umeuza. Nitakasirika, kisha nitapoa. Usininyamazie.

Mwanao,
Verlyn

Castara, 9 Aprili 1984

Mwanangu Verlyn,

Marahaba, marahaba zote. Hatujambo. Nilichelewa kuandika kwa sababu barua yako haikuwa mikononi mwangu. Niliwasomea wenzangu kwenye banda la mashua, wakaichukua wakaenda nayo rumshop kwenye pombe, ikarudi ina madoa.

Kwanza, kome la watu haliguswi bila kuuliza. Kofi lile ulilistahili. Shangazi yako anamtumia Bi Ninfa keki ya matunda, utampelekea mwenyewe kabla hujarudi, na utamwamkia vizuri.

Pili, mashariki ulichelewa kulegeza. Boya la kwanza likizama unalegeza, hungojei la pili. Orville anasema hapana, ungelegeza mapema samaki wangetorokea pembeni. Tumebishana siku nzima. Kuna aliyesema mashua ilikuwa fupi mno kusimamia. Mwingine anataka kujua chubwi zao ni za risasi au za mawe, maana hapo hesabu inabadilika. Uandike jibu, wanangoja. Wamekuchambua kila walivyoweza, Verlyn, na hakuna hata mmoja aliyesema wewe ni mwanamke. Nilikaa nikingoja aseme mtu. Hakusema mtu.

Mguu haujapona na hautapona, tusidanganyane.

Lennox alikuja Jumamosi. Nimemwambia juya lina mwenyewe, yuko masomoni.

Baba yako,
Eustace