Kuku Mwenye Firigisi Mbili

Shangazi Dinah mpendwa,

Naiandikia safu yako nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali ninakofanya kazi huku Coon Rapids, Amerika, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika jambo hili baba yangu akiwa sebuleni, na zamu yangu inaanza baada ya nusu saa, kwa hiyo nisamehe nikiandika bila kupumua.

Mama yetu alifariki mwaka juzi. Tulipokuwa wadogo kule karibu na Keroka, watoto saba na kuku mmoja, mama alikuwa akibakisha unga wa chapati uliokandwa, anaukata vidonge vidonge na kuvitumbukiza kwenye mchuzi ili kila sahani ijae, sisi tukaviita madonge, na nakuambia ukweli Shangazi, nimekula kwenye hoteli za Bloomington na harusi za wakubwa lakini sijaonja tena kitu kama yale madonge, yalikuwa mazito, yamekunywa mchuzi mpaka ndani, na moshi wa kuni umeingia humo humo. Baba alikuwa anaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, haingii, anaongea na mama mpaka chakula kiive, kisha anapewa firigisi yake kama ilivyo desturi yetu ya Kigusii, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Mimi ndiye kifungua mimba lakini sikujifunza kuyapika, nilipelekwa shule ya bweni nikiwa darasa la sita, na baada ya hapo nilidhani mama yupo tu, nitamwuliza siku nyingine.

Baba alikuja kututembelea mwezi wa tano. Wiki za kwanza alikuwa anakula kidogo sana, anasukuma sahani na kusema ameshiba. Nikamsimulia Susan habari za madonge, Susan ni mama wa Kizungu wa Anoka tunayefanya naye kazi, akacheka akasema hata kwao wamelelewa kwa chakula hicho hicho, ila yeye siku hizi hutumia njia ya mkato. Unanunua kuku aliyechomwa tayari, unamchambua nyama, unamimina mikebe miwili ya supu nzito ya kuku na maji kidogo, unatia karoti na minji za kwenye friza, ikichemka unachukua ule unga uliokandwa tayari unaouzwa ndani ya mkebe wa karatasi ngumu ukiwa umekatwa viduara, kila kiduara unakikata vipande vinne, unatumbukiza na kufunika dakika kumi na tano. Nikapika Jumapili tulipotoka kanisani, nikaongeza dania. Baba akaonja, akaweka kijiko chini, akatoa kitambaa cha mfukoni akajifuta macho. "Kemunto, hii ni ile ya mama yako. Umetengeneza na mkono?" Nikasema ndiyo, baba. Shangazi, neno lilinitoka tu.

Tangu hapo ni kila Jumapili. Ule mkebe wa unga ukiubonyeza unapasuka kwa kishindo, na siku moja baba akauliza kutoka sebuleni, "Ni nini imelipuka?" nikajibu ni mlango wa friji. Halafu akauliza kwa upole kama kuku wa Amerika hawana firigisi, maana hawa wa kuchomwa tayari wanauzwa bila, nikakimbia duka la Waafrika nikanunua pakiti nzima, nikachemsha na kutia moja kwenye bakuli lake, lakini Jumapili iliyofuata binti yangu Shekinah naye akamtilia babu yake nyingine bila kuniambia. Baba akakuta mbili. Akaziangalia, akazila zote, akaniambia asante.

Sasa amebakisha wiki mbili arudi nyumbani. Juzi akaniambia, "Kabla nirudi unifundishe hii kitu. Jumamosi nitaingia jikoni na wewe. Jioni huwa nakunywa tu chai na mkate, sasa nikijua hii nitakuwa najipikia." Baba yangu, Shangazi, ambaye hajawahi kukanyaga jikoni. Kule kwetu mkebe wa unga hakuna, na mapishi ya mama mwenyewe siyajui. Nikisema ukweli nitamnyang'anya mama mara ya pili, nikidanganya tena atajaribu akiwa peke yake na atashindwa. Nimefikiria hata kumwambia nimeitwa kazini Jumamosi. Nifanye nini?

Kemunto, Coon Rapids

Kemunto,

Pole sana kwa mama. Natanguliza pole kwa sababu yanayofuata si matamu.

Kuku gani ana firigisi mbili? Baba yako amekula firigisi ya kila kuku aliyechinjwa nyumbani kwake kwa miaka arobaini na ushee, na wewe unadhani hajui huwa ni ngapi. Alijua Jumapili hiyo. Mimi nadhani alijua tangu kijiko cha kwanza, maana umesema mwenyewe madonge ya mama yalikuwa mazito, na ule unga wa mkebe ni laini na una kautamu. Naujua vizuri, nikichoka hununua, wala sioni haya. Mzee alijua akanyamaza, akala, akashukuru. Kilichomtoa machozi ni kuona kwamba binti yake hajasahau. Hakuna wa kumnyang'anya kitu hapo.

Kwa hiyo acha kuhangaika na mkebe. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama mahali ambapo wewe umepita mbio: chai na mkate. Kila jioni, mwaka wa pili huu. Mzee wa Kigusii anakuambia ataingia jikoni, nawe unawaza mapishi. Anakueleza, kwa heshima yake yote, kwamba akirudi hakuna wa kumpikia. Na jibu ulilolipata ni kusingizia kazi. Nimekasirika kidogo, mwanangu, nivumilie. Mimi nami nilikuwa na baba aliyekuwa akisema kwenye simu kwamba yuko sawa, nikawa namwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Sikiliza. Leo hii, kabla ya Jumamosi, wapigie ndugu zako sita. Usiwaombe, wapangie. Kila mmoja aliye karibu na nyumbani ajue jioni yake ya kula na mzee, na baba asikae mezani peke yake siku saba mfululizo kana kwamba hakuzaa.

Jumamosi mpe baba kiti ndani ya jikoni. Weka mkebe mezani umwambie, "Baba, nilikudanganya, hii ndiyo niliyokuwa napikia." Mwachie aubonyeze mwenyewe. Mkishamaliza kucheka, muulize mama alikuwa anafanyaje. Wewe ulikuwa bwenini. Yeye ndiye aliyekaa mlangoni miaka yote hiyo akitazama mikono ya mke wake. Atakwambia maji yalikuwa ya moto au baridi, mafuta yaliingia lini, na pengine atakwambia mengine usiyoyajua kumhusu mama yako. Akisahau, kandeni unga wa chapati kama mnavyoujua, muukate vidonge vidogo, mvitie kwenye mchuzi unaotokota, mfunike na msifunue ovyo. Apike yeye, wewe ukae. Chungu cha kwanza kitaharibika. Kuleni hivyo hivyo, kesho yake apike tena.

Jambo la mwisho. Nakujua utataka kumwandikia vipimo vyote kwenye karatasi nzuri, aiweke kwenye begi. Usimwandikie. Mwambie akisahau apige simu Jumapili, saa kumi jioni kwake, saa mbili asubuhi kwako, na uipokee hata ukiwa unavaa viatu vya kwenda kanisani. Ukimpa karatasi, atakosa sababu ya kupiga.

Shangazi Dinah