Saba au Nane

2 Februari

Mdogo wangu Futi,

Habari za siku, na mgongo unaendeleaje na hiyo mikoba ya wacheza gofu? Huku tu wazima, isipokuwa Mama. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanichekesha, nikishakata ndipo nakumbuka nilichopigia. Karatasi haichekeshwi.

Daktari wa macho kasema jicho la kulia presha ya macho imeshalimaliza, hilo tusilihesabu tena. La kushoto litaokoka likipasuliwa tarehe 20 Machi, hapo hapo mjini kwako, na hela ilipwe kabla. Nimekutumia laki sita na arobaini. Nimeuza randa ya umeme, ile niliyoinunua baada ya miaka minane ya kusukuma randa ya mkono. Kalipe, unitumie risiti.

Na habari za kubeti nimezisikia. Mwenzako aliyekuja kuchukua kitanda amenieleza huo mchezo wa ana kwa ana: kampuni inawapambanisha wacheza gofu wawili, unachagua mmoja, akimaliza siku nne kwa mipigo michache kuliko mwenzake umekula, hata kama wote wawili wameshika mkia. Ukiweka moja unalipwa moja nukta themanini na tatu. Nilichukua penseli. Ukiweka mara mia, lazima upatie hamsini na tano ndipo urudishe chako. Kipofu anayerusha sarafu anapatia hamsini. Hizo tano ndizo zinazowalipia kodi ya ofisi.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini vumbi la mbao halijakukaa kifuani. Mimi mzima, mgongo unalalamika lakini haujagoma.

Hela imefika. Hospitali foleni ndefu, nitaenda Jumatatu.

Kuhusu hilo lingine, mwenzangu ana mdomo kama mlango usio na kitasa. Dada, wengine wanabeti majina, mimi nabeti miili. Natembea nao uwanjani, namwona nani kaamka na goti, nani kagombana na mkewe. Bosi wangu ninayembebea fimbo tunamwita Kijiko, kwa jinsi anavyouchota mpira mchangani kama sukari. Mwezi huu akiinama kuokota mpira utadhani mjamzito wa miezi minane. Kampuni haijui hayo. Nimeweka mara kumi na tatu, nimepatia tisa. Haya, chukua penseli.

Mdogo wako, Futi

19 Februari

Futi,

Natumaini u mzima. Penseli nimechukua. Tisa kwa moja nukta themanini na tatu ni kumi na sita na nusu, toa kumi na tatu ulizoweka, umebaki na tatu na nusu. Zingeharibika mbili tu, ungekuwa kwenye hasara. Kumi na tatu si hesabu, ni bahati iliyovaa tai.

Jumatatu imepita. Risiti iko wapi?

Mama anakusalimu. Siku hizi akimimina chai anatia kidole kikombeni ajue kimejaa. Nikimuuliza, anasema anaonja joto.

Dada yako

9 Machi

Futi,

Sina salamu. Nimepiga hospitali. Mhasibu kalitafuta jina la Mama mara mbili, hakuna kilicholipwa. Simu yako imezimwa. Zimebaki siku kumi na moja.

Dada yako

17 Machi

Dada,

Shikamoo. Hali siulizi, sina uso wa kuulizia.

Niliweka yote. Ngazi dhidi ya Kijiko, na mimi nikamchukua Ngazi, yule mrefu. Yaani nilibeti dhidi ya bosi wangu, kwa sababu ya ule mgongo. Ningelipwa milioni moja laki moja na sabini na moja: jicho la Mama, randa yako, na chenji.

Siku nne nilimbebea mkoba huku namwombea mabaya. Ngazi alimaliza mapema, mipigo mia mbili themanini na moja. Kijiko akafika shimo la mwisho akiwa na mia mbili sabini na saba. Akilimaliza kwa mitatu, nimekwisha. Kwa minne ni sare, hela inarudi. Kwa mitano, nimeshinda.

Mpigo wa kwanza ukaenda vizuri. Mbele yetu bwawa, ng'ambo ya bwawa bendera. Akanigeukia, jasho linamtoka kwa maumivu. "Futi, saba au nane?"

Fimbo namba saba inapeleka mbali kuliko nane. Upepo ulikuwa unatupiga usoni. Nane ilikuwa inatua majini, na majini kuna adhabu ya mpigo mmoja, hiyo mitano ingefika tu. Nilijua, Dada. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema nane.

Nikasema saba.

Mtu kaniuliza kipimo, mdomo ukajibu. Mpira ulilala shubiri tatu kutoka shimoni. Akaugusa, ukaingia: mitatu. Alinikumbatia mbele za watu, akanipa elfu arobaini. Nimezitia humu.

Mdogo wako

29 Machi

Futi,

Barua yako ilifika tarehe 21. Nilikuwa nimezunguka kukopa, nikafikisha laki mbili. Mhasibu akaniambia hizo ni za kitanda cha wodi, bado za kisu.

Juzi Mama aliniuliza kwa nini nimezima taa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Kwa hela nakulaumu, na nitakufa nakulaumu. Nimetafuta na kwenye hiyo saba pa kukulaumia, nimekosa, na hapo ndipo paniumapo zaidi. Nani alikupa jina la Futi? Ulikuwa na miaka tisa, unasoma urefu wa ubao kwa jicho tu, na mimi nikakwambia ukiulizwa kipimo toa kipimo, hata kama mlango ni wa adui yako. Hivyo ndivyo karakana hii ilivyopata wateja.

Nilimsomea Mama barua yote. Akauliza kitu kimoja: "Huyo bwana aliambiwa kweli?" Nikasema aliambiwa. Halafu akasema, "Mwambie aje. Simwoni tena, aone aibu ya nini?"

Nauli ni elfu kumi na nane. Nimeitoa kwenye zile arobaini, nimempa dereva wa basi na barua hii akukabidhi mkononi. Ya kurudia sijaweka. Randa ya mkono ipo.

Dada yako

10 Mei

Futi,

Sisi tupo. Dereva anaapa bahasha uliipokea mwenyewe, ukaitia mfukoni, ukashukuru. Jumamosi sita nimesimama stendi.

Mama anaandaa vikombe vitatu. Cha tatu anakipima kwa kidole kama vingine, kisha anageuzia sikio nje. Kikipoa anakimwaga mwenyewe, hataki nikiguse.

Geti lilikuwa linapiga kelele, wiki iliyopita nikazitia bawaba mafuta. Mama kaniambia niyafute. Anataka lilie.

Dada yako