Chimni Sita za Nzomo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nzomo, mwenye nyumba, amekuja saitini na ile picha yake tena. Jumba la mawe la Uingereza, la miaka mia nne – anataka lake liwe vilevile, hapa, ng'ambo ya barabara kutoka mtaa wa Kawangware 46, Nairobi. Chimni sita! Ndani kuna meko moja, ya gesi. Na mawe mapya yaonekane ya zamani. Basi tunavunja kona kwa nyundo, tunapaka mala, maziwa ya mgando, yaote ukungu. Opondo ndiye fundi wangu wa mawe, hakuna anayemfikia. Watoto wake kule mtaani Kisumu Ndogo wanakunywa chai ya rangi, yeye anapaka ukuta maziwa. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi

Opondo ameomba wiki moja aende kwao Siaya kujenga. Miaka arobaini na minne, na hana nyumba yake katika boma la babake. Kwa Wajaluo hiyo ni aibu. Nimemwambia amalize chimni ya tatu kwanza. Nikaongeza, mbele ya mafundi wote, kwamba anamjengea tajiri kasri na akienda kwao analala jikoni kwa mamake. Wakaangua kicheko. Yeye akachukua nyundo yake, akapanda jukwaani. Kiburi tu.

Ijumaa, 7 Machi

Ameanguka. Ubao wa jukwaa ulikuwa umeoza – nilijua tangu Jumanne.

Jumamosi, 8 Machi

Amekufa. Nzomo ameuliza kama damu imeingia kwenye mawe. Nikasema imeingia. Akasema basi yaachwe, yanapendeza hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Apiyo, mkewe, amekuja. Kwao maiti ya mwanamume mwenye mke haipelekwi bomani kabla nyumba yake haijasimama, hata ya mabati, hata ya kujengwa kwa siku moja. Anataka mafundi wawili Alhamisi wakaijenge. Nikampigia Nzomo, amekataa, mvua inakaribia. Nikamwambia Apiyo hivyo. Hakulia.

"Baba Austine alikuomba wiki moja, foreman, ukakataa," akasema. "Mimi naomba siku moja tu."

Nimeona aibu, na nimemchukia kwa hiyo aibu. Naandika nikiwa stoo, namwona dirishani. Amekaa getini juu ya mawe yetu. Mafundi wameweka vyombo chini. Nimemwambia Mukhwana, fundi mwingine wa mawe, apande, amalizie ile chimni ya tatu. Hajapanda.