Sukari Imetulia, Mafuta ya Damu Yamepanda

Shikamoo Shangazi,

Naomba msaada wako, na unijibu upesi, kwa sababu Ijumaa ijayo nasimama mbele ya watu na sijui nitawaambia nini, na tafadhali usinione mlalamishi, mimi hapa nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, ila furaha yenyewe imeingia mchanga.

Mimi ni fundi wa kusuka mota za umeme, zile za pampu za maji na za mashine za kusaga, na kazi hii imenifundisha kutoyaamini macho. Waya unaweza kung'aa vizuri kabisa na ndani umekatika, kwa hiyo mteja akiniletea mota sisemi neno mpaka niguse kwa mita kwanza. Basi mwaka juzi nilipoambiwa nina kisukari mke wangu alilia, dada yangu mdogo ambaye ni msusi na saluni yake iko mlango wa pili kutoka karakana yangu naye akalia, mimi nikauliza jambo moja tu, kipimo chake kinauzwa wapi. Siku nilipokishika mkononi kile kimashine cha kuchoma kidole, Shangazi, nilijua nimepona.

Nikaanza kupima chakula kama ninavyopima mota. Nakula kitu kimoja peke yake, nasubiri, nachoma kidole, nasoma. Mkate, namba ikaruka, nikaupiga marufuku. Wali, ikaruka, marufuku. Maharage yakaitikisa kidogo tu, na hayo nikayafukuza, sikutaka masihara. Nikaja kwenye mayai ya kukaanga kwa siagi nyingi, namba haikusogea. Ngozi ya kuku iliyokaangwa mpaka ikawa inavunjika mdomoni, haikusogea. Nyama yenye mafuta yake yote, soseji, chai ya krimu nzito, kimya, mita imetulia utadhani sijala kitu. Nilicheka peke yangu karakanani mpaka mteja akachungulia kuona kuna nini. Kuanzia hapo kitu chochote ambacho mita imekinyamazia ni halali yangu, nakula mpaka nashiba, naongeza.

Na usidhani nimejidanganya, sukari imeshuka kweli. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu daktari alikisoma, akakisoma tena, akanyanyuka akanipa mkono. Kitambi kimeaga, mkanda nautoboa matundu mapya kwa msumari, na pale kliniki wagonjwa wenzangu wananiita Bingwa, yaani nikiingia tu wanasogeana kwenye benchi nipate nafasi katikati yao. Nesi ndiye aliyeniomba Ijumaa nizungumze na wagonjwa wapya niwaeleze nimefanyaje. Dada yangu naye amekutwa na kisukari mwaka huu, na yeye hata hakuhangaika na vipimo, mchana anakuja karakanani na sahani yake, anauliza, "Kaka, hiki kimepita?" Nikisema kimepita, anakula.

Haya, sasa sikiliza. Safari hii daktari aliagiza nipimwe na kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu. Mwaka jana yalikuwa juu kidogo, tukayapuuza wote wawili kwa furaha ya sukari. Mara hii yamepanda sana, hasa yale anayoyaita mafuta mabaya. Nikamwambia, "Daktari, hapo maabara wamechanganya chupa, hiyo damu si yangu." Hakubisha, akaagiza kipimo kirudiwe, nikaenda asubuhi sijala kitu, majibu yakaja yaleyale. Sasa anataka nianze kidonge cha kila siku, na akasema kwa umri wangu na kisukari changu angenishauri kukitumia hata kama namba isingekuwa mbaya hivyo. Nikamuuliza, "Mimi nimekosea wapi?" Akaanza kunieleza, lakini foleni nje ilikuwa inagonga mlango, na mimi nilikuwa nimeshakasirika, nikaondoka na karatasi yangu bila kupita dirisha la dawa.

Toka siku hiyo kichwa kinachemka. Mke wangu aliniuliza, "Baba pacha, wamesemaje huko?" Nikamjibu daktari amenisifu, jambo ambalo ni kweli, ila karatasi iko kwenye droo ya misumari. Kidonge nakiogopa, nimesikia kinapandisha sukari, sasa nibomoe nilichojenga kwa mikono yangu kwa ajili ya namba ambayo siisikii popote mwilini? Nina nguvu kuliko nilivyokuwa kijana, mota ya pampu naibeba peke yangu mpaka juu ya meza. Na kwetu hatuna historia ya magonjwa haya, hata hicho kisukari nimekianzisha mimi, baba yangu hakuwa nacho, alikuwa mwembamba tu, alianguka ghafla asubuhi moja akifunga kamba za viatu aende kazini, akafariki papo hapo, na hakuwa amefika umri wangu wa sasa.

Shangazi, nani muongo hapa, mita yangu au daktari? Na Ijumaa niseme au ninyamaze?

Wako,
Bingwa mwenye wasiwasi

*

Marahaba, Bingwa.

Barua yako nimeanza kuisoma nimekaa, nimeimaliza nimesimama. Kwanza na mimi nipe mkono. Kuishusha sukari namna hiyo na kuishikilia huko chini si kazi ndogo, wapo wanaojaribu miaka na miaka, kwa hiyo sifa hizo ni zako na usikubali mtu akunyang'anye, hata mimi ninapokugombeza. Na nakugombeza sasa hivi.

Hakuna muongo. Mita imesema kweli na daktari amesema kweli. Wewe ndiye uliyeiuliza mita swali moja, ikakujibu vizuri, ukachukua jibu hilo ukalitumia kwa maswali yote. Kile kimashine kinasoma sukari, basi. Siagi haina sukari ya kuonyesha, kwa hiyo kimashine kikakaa kimya, na wewe ukakielewa kwamba kimekubali. Hebu niambie, fundi mwenzako akipima waya wa mota akaukuta mzima, beringi zimekufa, akamrudishia mteja na kumwambia mashine ni nzima, ungemwitaje? Mimi nalijua jina utakalomwita, ila gazeti halitaliandika.

Nilimsomea barua yako daktari mmoja anayenisaidia kwenye safu hii. Alicheka, akasema, "Huyu ana akili nyingi, ndiyo maana amepotea kwa utaratibu." Kisha akaacha kucheka akanieleza. Mafuta ya nyama, siagi, krimu na ngozi ya kuku kwa watu wengi hupandisha yale mafuta mabaya ya damu, nayo hujijenga polepole kwenye kuta za mishipa bila kuuma. Kisukari nacho, hata kikitulia, kinaiacha mishipa ikiwa rahisi kuharibika. Ndiyo maana daktari wako hakutaka kusubiri. Na unaponiambia husikii kitu mwilini, mzee, hakuna anayesikia. Kubeba mota si kipimo cha moyo.

Sasa tuje kwenye jambo ulilolitupa mwishoni kabisa. Baba yako, mwembamba, mdogo kuliko wewe ulivyo leo, anafunga viatu, anaanguka. Halafu unaniandikia kwamba kwenu hakuna historia. Hapo nilirudi juu nikasoma tena. Sijui kilichomuua, na wewe hujui, lakini mtu akifa ghafla hivyo bado kijana, moyo ndio wa kuulizwa kwanza, na kuna koo ambazo mafuta haya hupanda kwa kurithi, mtu awe mnene au mkonde. Nadhani hata kliniki ulipoulizwa kuhusu familia ulisikia sukari tu, ukajibu kuhusu sukari tu. Basi daktari wako anakutibu bila kujua habari hii. Rudi ukamwambie, na usiipunguze.

Kuhusu kidonge, ulichosikia kina ukweli ndani yake, nao ni mdogo. Dawa za aina hiyo zinaweza kuipandisha sukari kidogo kwa baadhi ya watu, lakini kinga yake dhidi ya mshtuko wa moyo na kiharusi ni kubwa kuliko hasara hiyo. Na wewe kati ya watu wote ndiye usiyepaswa kuogopa, maana una kipimo na unajua kukitumia. Ikipanda utaiona siku ileile, utamwambia daktari, atarekebisha. Ukipata maumivu ya misuli usiyoyaelewa, mwambie pia, usiache dawa kimyakimya. Kama unatumia dawa za kisukari, endelea nazo kama kawaida. Muulize vilevile kama kuna haja ya kupima figo na tezi ya shingoni, kwa sababu hizo nazo zikiwa na kasoro mafuta yanaweza kupanda.

Mezani usilipize kisasi kwa kurudia soda na mkate. Kaanga kidogo, tena kwa mafuta ya mimea badala ya siagi, kuku mvue ngozi, soseji na krimu ziage, samaki na mboga karibisha. Na yale maharage uliyoyafukuza, yaombe radhi. Yanaitikisa namba kidogo, sawa, iache itikisike, hukuambiwa isisogee kabisa. Kliniki yako ikiwa na mtaalamu wa lishe, kaa naye, maana hata mimi hapa nakata nguo bila kukupima.

Mama pacha mpe karatasi leo. Atanuna, atakusema, kisha atakuwa wa kwanza kukukumbusha kidonge. Kumwambia nusu halafu nusu unaiweka chini ya misumari ni kumfanya mgeni katika nyumba yake.

Ijumaa unasema, tena kwa sauti ya Bingwa. Tangulia kwa daktari, mweleze habari za baba, pita dirisha la dawa, ndipo uingie kwa wagonjwa. Waambie sukari imeshuka na mafuta yamepanda, yote mawili kwa pamoja, na uwaambie ilikuwaje. Hakuna atakayekuita tapeli. Nina hamu kubwa na Ijumaa hiyo kana kwamba nami nimealikwa, kwa sababu kwenye benchi lile kuna watu wanaokula kama ulivyokula, wanasomewa sukari nzuri wanarudi nyumbani wakiimba, na hakuna aliyewaambia waulize jambo la pili.

Lakini kuna mmoja hawezi kusubiri mpaka Ijumaa. Barua nzima umeniambia mafuta yako, daktari wako, wasiwasi wako, na hukuandika popote kwamba dada yako amepimwa kolesteroli. Baba yenu ni mmoja. Tangu augue anakula unachomruhusu, na anakula bila kuuliza mara mbili. Kesho asubuhi, kabla hajafungua saluni, mchukue mwende maabara pamoja, na njiani umwambie kwamba ulikosea.

Shangazi