Kuku Walikuwa Wakiniangalia

Baba,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yake. Mkono wako unaendeleaje? Bado unatetemeka? Huku mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hauna raha.

Ujumbe wako kwamba Idi hii nije nipokee kisu chako cha kuchinjia ulinifika, nikatembea Kariakoo nzima kifua mbele. Kisha ikaja Ijumaa.

Unajua kazi yangu ni kuwachinjia wateja kuku waliowachagua. Wewe ulikuwa ukifunika tenga kwa gunia, maana kuku gizani hutulia tuli, na ukienda kuchinjia nyuma ya jiko. Ulinionya kwamba macho ya kuku yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, kwa hiyo kuficha kisu mgongoni hakutoshi. Mimi gunia nililitupa. Wateja wanataka kuona wanachonunua, na tajiri wangu haishi kunihimiza: "Oya, fanya chap, watu wanasubiri." Nikawa nachinja mbele ya tenga, mmoja baada ya mwingine.

Ijumaa hiyo alikuja mama mmoja wa mtaa wa Gerezani, anataka kuku wa hitima ya marehemu mumewe. Nilipomlaza kuku wake, akanizuia mkono.

"Mwanangu, wenzake wanakuangalia."

"Kuku haelewi kitu, mama."

"Haelewi, ila anaona. Nani alikufundisha kuchinja?"

Nikatazama tengani. Wamenigeuzia ubavu wote, kila mmoja na jicho moja, kama wanavyofanya wakitaka kukuona vizuri. Baba, jina lako lilinifika mdomoni, nikalimeza. Nikasema, "Nimejifunza hapahapa sokoni."

"Ndiyo maana," akasema, akaondoka bila kuku.

Naona haya mpaka leo. Nilikukana ili nisikuaibishe, na huko kukukana ndiko kulikoniaibisha zaidi. Gunia nimenunua jingine. Tajiri amenuna, na anune tu.

Nisalimie shangazi Mwajuma, mwambie kanga zake nimeshazipata. Mke wa kaka Salumu mpe pole ya uzazi, na jirani yetu muuza chumvi asinisahau kwa dua.

Idi nitakuja, baba. Ila kisu mpe kaka Salumu. Mimi nitashika miguu.

Mwanao,
Hamisi