Mkono Ulioita Chai

Jumatatu, 4 Machi

Daftari langu jipya, hujambo? Hali yako huko mkobani, kati ya Biblia na miwani? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila kiuno tu. Daftari la zamani limejaa. Wewe ulibaki kwenye semina ya mawakili, nami nikakuomba kwanza ndipo nikakuchukua, usije ukanifikiria vibaya.

Tujuane basi. Mimi ndiye mama wa chai kwenye ofisi ya chama cha mawakili wa nchi nzima. Mwaka wa kumi na tisa huu. Chai, viti, kupiga pasi majoho — na kusikiliza.

Jumamosi wanachagua rais wa chama. Wagombea wawili. Wa kwanza mimi na dereva wa ofisi tunamwita Pingamizi, maana hata ukimwambia habari za asubuhi anapinga kwanza, ndipo anaitikia. Wa pili ni Mama Kifungu. Huyo ukimuuliza choo kiko wapi anakutajia kifungu.

Leo Pingamizi katangaza kwenye korido: akishinda, analeta mashine ya chai. Unabonyeza, inamimina yenyewe! Akanigeukia, "Usijali, mama, utapumzika." Nani kamwambia nimechoka?

Jumatano, 6 Machi

Majoho yote nimeyapiga pasi. Utaratibu wao: kwenye mkutano mkuu, anayepiga kura avae joho. Huna joho, huhesabiwi. Kila mwaka kuna wanaosahau ya kwao, ndiyo maana kabatini kuna ya akiba.

Nimemwomba Mungu aamue uchaguzi apendavyo Yeye. Kisha nikamkumbusha kidogo habari ya mashine.

Jumamosi, 9 Machi

Ee Mungu wangu, wasomi!

Saa mbili nzima wamebishania karatasi za kura. Mmoja anasema ni ndogo mno. Mwingine anasema zimekunjwa na mtu asiye na mamlaka ya kukunja. (Nilizikunja mimi.) "Msomi mwenzangu, kwa heshima na taadhima, unachosema ni upuuzi mtupu." Kwa heshima na taadhima! Nijaribu kumwambia baba watoto hivyo nyumbani, tutaitiwa wazee wa kanisa.

Mwishowe wakakubaliana wanyooshe mikono tu.

Sasa, kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kimekwama kwenye baridi kali. Mifupa yangu haitaki mchezo. Nikachukua joho moja la akiba nikajifunika, nikakaa mwisho wa safu ya nne kupumzisha miguu. Kutupa jicho mezani — chupa za chai zimeisha! Dereva yuko kule mlangoni. Nikanyanyua mkono juu kabisa kumwita alete nyingine.

"Thelathini na moja!" akasema katibu.

Mama Kifungu thelathini na moja, Pingamizi thelathini. Makofi, vigelegele. Na mimi nikapiga vigelegele, kwa sababu chai nayo ilikuwa imefika.

Jumapili, 10 Machi

Natoka kanisani moyo mweupe, simu inalia. Dereva.

"Shikamoo, wakili msomi!"

Wakili gani tena wewe? Akaniuliza nilinyanyua mkono saa ngapi jana. Nikamweleza. Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena ili amalizie kucheka.

Daftari, nilikuwa nimevaa joho. Nilinyoosha mkono wakati wa Mama Kifungu. Nimehesabiwa!

Baba watoto ni fundi viatu, hacheki ovyo. Leo kaangusha nyundo. "Darasa la saba kawachagulia wasomi rais!" Kisha akafuta machozi, akasema taratibu, "Ila mke wangu, si wewe ndiye uliyekuwa unaikimbia mashine?"

Nani ataamini kwamba sikukusudia?

Jumanne, 12 Machi

Pingamizi kalalamika rasmi. Waliojiandikisha mlangoni ni sitini. Mikono iliyohesabiwa, sitini na mmoja. Imeundwa kamati.

Wameipata picha ya ukumbi, imepigwa kutoka nyuma. Safu ya nne, mwisho: joho, na juu yake kitambaa cha kichwa chenye maua mekundu. Wameitandaza mezani, wameiinamia kama madaktari. Nami napanga vikombe pembeni yake — na kitambaa kilekile kichwani! Ninavyo viwili tu, na kingine kiko kwenye kamba.

Hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

"Huyu namjua," akasema mmoja. "Hodari sana wa kesi za ardhi."

Pingamizi akasema alishawahi kumshinda mahakamani, mara mbili. Mama Kifungu anasema huyo dada ni mtulivu, angefaa kamati ya maadili.

Kamati ya maadili! Nimemwaga sukari.

Jumatano, 13 Machi

Nimefunga, nimesali. Jibu ni moja tu: sema. Nimemwahidi Mungu nitasema Ijumaa kamati ikikaa. Kazi ikienda na iende.

(Naomba isiende.)

Ijumaa, 15 Machi

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la korido.

Niliingia na sinia, nikaliweka, nikasema, "Wakubwa zangu, huyo kwenye picha ni mimi. Nilikuwa naita chai."

Papo hapo —

"Pingamizi!"

Mazoea, daftari! Neno limemtoka Pingamizi mwenyewe kabla hajafikiri. Eti asiye mwanachama haruhusiwi kusema kikaoni. Na Mama Kifungu, ambaye angekaa kimya tu urais ukabaki wake, karuka juu: kifungu cha kumi na nne, kamati inaweza kumsikiliza mtu yeyote! Basi aliyeshindwa anapigana nisisikilizwe, na aliyeshinda anapigana nisikilizwe. Katibu akauliza kwa upole, "Wasomi wenzangu, mmeangalia lakini mko upande gani?" Wakamnyamazisha wote wawili. Nikaambiwa nisubiri nje.

Saa nzima sasa. Dereva kapita, kaninong'oneza, "Dada, nenda zako nyumbani, kesi inajimaliza yenyewe." Siendi.

Nimeitwa — nitaendelea.

Nimerudi kwenye benchi, nimekuja kuchukua birika. Katibu kasoma uamuzi: pingamizi limekubaliwa. Maneno yangu yamefutwa kwenye kumbukumbu, kamati haikusikia kitu, mkono wa ziada haujulikani ni wa nani, basi matokeo yanabaki. "Tuletee chai, mama."

Pingamizi anapeana mikono na kila mtu. Uso unang'aa, kashinda hoja! Hajagundua bado kashinda nini. Mama Kifungu ndiye kagundua. Kanitazama mara moja, kisha akainamia makaratasi yake.

Nilimwahidi Mungu nitasema, na nimesema. Lakini nimesema kwa watu ambao hawakusikia. Je, hiyo inahesabika? Nikirudia, kura zinakuwa thelathini kwa thelathini, wanapiga upya, na mashine inaweza kuja. Nikinyamaza, yule baba anashangilia kunyang'anywa nafasi yake, na mimi ndiye ninayemmiminia chai.

Wananiita tena. Birika liko mkononi. Daftari langu, nakuomba, nijibu upesi.